Matairi Mapana ya Jaruba la Saba

Kwenye kituo cha kusafisha maji taka walimwita Mama Kijiko, na mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alidhani anaambiwa habari za mwanamke anayeuza vyombo vya jikoni. Sivyo. Kijiko kilikuwa mashine ndogo ya kuzoa na kupakia, yenye magurudumu manne, kizimba cha chuma cha kumkinga dereva, na ndoo pana kwa mbele. Hakikuwa na usukani. Kilikuwa na vishikio viwili, kimoja kwa kila mkono, na magurudumu yake hayakujua kukata kona. Ukitaka kugeuka unapeleka upande mmoja mbele na wa pili nyuma, nacho kinajizungusha palepale kama pia, huku matairi yakiburuzika chini. Mama Kijiko alikiendesha kwa miaka kumi na mitano. Kabla ya hapo alikuwa mfagiaji wa kituo hichohicho, na siku dereva wa zamani alipoacha kazi bila kuaga, yeye ndiye aliyekuwa amesimama karibu.

Kazi yenyewe haikuwa ya kumsimulia mtu aliye mezani. Maji machafu ya mji mzima yaliingia kituoni, yakasafishwa, yakaenda zake. Tope lililobaki lilimwagwa kwenye majaruba kumi na mawili yaliyozungushiwa kuta fupi za zege, kila moja ukubwa wa darasa la shule. Humo liliachwa majuma matatu au manne, maji yachuje na jua limalizie, mpaka likaukauke na kupasukapasuka. Hapo Mama Kijiko aliingia na mashine, akalizoa, akalipakia kwenye lori. Harufu alishaacha kuisikia siku nyingi. Aliijua tu kwa watu wengine, pale mtu aliyeketi naye kwenye benchi la zahanati alipoanza kusogea, kidogo, kidogo, mpaka mwisho wa benchi.

Alikuwa na miaka hamsini na sita, na uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaamka umekwisha. Aliamka nao. Alikunywa nao chai. Mume wake alikuwa amepigwa na kiharusi miezi kumi na minne kabla, upande wa kulia ukafa ganzi kuanzia bega mpaka unyayo, na tangu siku hiyo mama huyu alikuwa na zamu mbili: moja ya kituoni, moja ya nyumbani. Ile ya nyumbani haikuwa na siku ya mapumziko.

Asubuhi moja alikuwa jaruba la saba. Tope la juu lilikuwa limekauka vizuri, lakini la chini lilikuwa bado bichi, na gurudumu la nyuma lilipofika katikati likaanza kuzama. Alilijua hilo kwa makalio kabla hajaliona kwa macho. Akapunguza moto, akajaribu kurudi polepole, mashine ikalala upande. Kisha akasikia mlio chini yake, mkavu, kama muwa unaovunjwa gotini.

Akazima mashine akakaa na mikono mapajani. Mlio huo alikuwa akiufahamu. Chini ya kila jaruba kulikuwa na tabaka la mchanga, chini ya mchanga kokoto, na ndani ya kokoto yalilazwa mabomba yenye vitundu ya kupokea maji yanayochuja. Matairi ya kijiko yalikuwa membamba na yamekwisha meno. Yakizama yanakata mchanga kama kisu, yanafika kwenye kokoto, bomba linavunjika. Bomba likivunjika maji hayachuji, maji yasipochuja tope halikauki, na tope lisipokauka mashine inazama tena. Hilo lilikuwa bomba la tano tangu mwaka uanze.

Mkuu wa kituo alikuja na viatu vyake safi, akasimama juu ya ukuta wa jaruba. Alikuwa kijana bado, umri wa mwanawe wa kwanza, na hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na wakubwa wake wa kumuuliza maswali.

"Mama, tena?"

"Tena, mkuu."

"Huwezi kupita pembeni?"

"Tope liko katikati, mkuu. Nikipita pembeni nitazoa ukuta."

Fundi wa mashine, mzee mwembamba ambaye kila kitu alikipima kwa jicho moja kama anayelenga shabaha, alicheka kidogo, kisha akaona mkuu hacheki, akaacha. Walichimba kwa majembe siku mbili. Mama Kijiko naye alichimba, ingawa hakuna aliyemlazimisha, maana aliona aibu kukaa kivulini wakati wenzake wanatoa jasho kwa ajili ya gurudumu lake.

Siku ya pili, bomba jipya lilipokwisha kufukiwa, mkuu alimwita pamoja na fundi ofisini. Akasema maombi ya matairi mapya yamekubaliwa, yote manne. Fundi akawahi kutoa rai. Yeye alitaka matairi yaleyale membamba, tena yale magumu yasiyojazwa upepo, kwa sababu ndani ya tope kulikuwa na kila balaa watu walilotupa chooni: nyembe, vipande vya chupa, misumari, hata uma. "Pancha tatu kwa mwezi," alisema. "Nimechoka kuziba."

"Gumu lisilo na upepo ni zito zaidi," Mama Kijiko alisema. "Litazama mara mbili."

"Basi tairi pana. Sawa. Lakini uzito wa mashine ni uleule, dada yangu. Ukivaa kandambili au ukivaa buti, kilo zako hazipungui."

Mkuu aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Hakujua nani ana haki, na alikuwa na mkutano. Akasukuma fomu mezani. "Anayeendesha ndiye achague. Mama, andika aina na kipimo, weka sahihi yako. Una juma moja. Ila mabomba yakivunjika tena na matairi mapya, nitaulizwa, na mimi nitakuuliza wewe."

Aliikunja fomu, akaitia mfukoni, akatoka. Njiani alihisi kama amebebeshwa mtungi mwingine kichwani wakati mikono yote miwili ina ndoo.

Nyumbani palikuwa na vyumba viwili na ukumbi mdogo, na kitanda cha mgonjwa kilikuwa kimeletwa ukumbini, chini ya dirisha, ili aone watu wakipita. Mchana alishinda na dada yake, yaani wifi wa Mama Kijiko, mwanamke mwenye huruma nyingi na subira ndogo. Kaka yake alipotafuta neno, na maneno sasa yalimjia moja moja kama watu wanaovuka kijito kwa kukanyaga mawe, wifi hakuweza kungoja. Alimmalizia. Kama mgonjwa alisema "Nataka ma…", wifi alisema "maji," akaleta maji, wakati mtu alitaka magazeti. Mwishowe mume aliamua kunyamaza. Alikuwa dereva wa lori miaka thelathini, mtu wa kupiga soga kutoka mji mmoja mpaka mwingine, na sasa zilipita siku nzima hajasema maneno kumi.

Jioni ile wifi alipoondoka, Mama Kijiko alimwogesha mume wake, akampaka mafuta mgongoni, akaanza kumgeuza upande wa pili kama alivyofundishwa. Wakati wa kumgeuza alikuwa na desturi ya kusema chochote, mradi asisikie anavyohema yeye mwenyewe. Siku hiyo alisema habari za matairi. Alimsimulia bomba, fomu, na kandambili za fundi, huku akimsukumia mto nyuma ya mgongo.

"Fundi… mwongo," mume alisema.

Mikono ya Mama Kijiko ikasimama. "Umesemaje, baba watoto?"

"Uzito… uleule. Lakini…" Alifungua kiganja chake cha kushoto, akakiweka juu ya godoro, akakandamiza. Kisha akanyoosha kidole kimoja, akakandamiza tena. Kidole kikazama. Akamtazama mkewe. "Umeona?"

Alikuwa ameona. Kwa kweli alilijua hilo muda wote kwa akili ya kawaida, kama anavyolijua mtu yeyote aliyewahi kuvuka tope. Kilichomshangaza ni yule mtu aliyekuwa akimtazama. Macho yalikuwa yale ya zamani, ya mwanamume anayebishana na wenzake kuhusu barabara ipi ni fupi.

"Pana," mume alisema. "Lakini pana… kiasi gani? Mlango… una… upana gani?"

"Mlango gani?"

Alitafuta neno. Alilitafuta muda mrefu, jasho likamtoka juu ya mdomo. Mama Kijiko alitaka sana kumsaidia, maana mgongo ulikuwa unamuuma na sufuria lilikuwa motoni, lakini akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akangoja.

"Wa kuingilia. Jarubani."

Hakuwa ameliwaza hata kidogo. Kila jaruba lilikuwa na mlango mmoja wa kushukia, mteremko wa zege uliobanwa na kuta pande mbili. Ukinunua matairi mapana kupita mlango, utabaki nje na upana wako.

Kesho yake alikwenda na kamba ya katani. Alipima milango yote kumi na miwili, akafunga fundo kwenye kila kipimo, akakuta hailingani. Waliojenga hawakuwa na haraka ya kulinganisha. Mwembamba kuliko yote ulikuwa wa jaruba la nne. Kisha akapima mashine kutoka ukingo wa nje wa tairi la kushoto mpaka ukingo wa nje wa la kulia. Jioni mume akasema kwa taabu kwamba haitoshi, apime pia nafasi iliyopo kati ya tairi na mwili wa mashine, kwa sababu tairi nene hula mpaka ndani. Akarudi kupima. Siku iliyofuata mume akauliza tairi la mbele na la nyuma yameachana kiasi gani, yasije yakasuguana. Akarudi tena kupima, analala kifudifudi kwenye vumbi huku fundi akimtazama kwa jicho lake moja.

"Dada, unaishonea suti hiyo mashine?"

"Naishonea. Wewe nitakushonea kofia."

Kwa siku nne hivi nyumba ilikuwa na kazi. Wifi alilalamika kwamba kaka yake siku hizi ana amri kama mkuu wa mkoa: leteni kalenda ya zamani, leteni kalamu, si hiyo, ile nene. Alichora kwa mkono wa kushoto, mistari iliyopinda kama njia ya konokono, na wifi alipojaribu kummalizia sentensi alimwinulia kiganja. "Ngoja," alimwambia. Wifi alisimulia jambo hilo kwa uchungu, lakini uchungu wenyewe haukuwa mkubwa.

Siku ya tano Mama Kijiko aliomba ruhusa ya asubuhi akaenda kwa muuza matairi, kwenye karakana kubwa iliyonuka mpira mpya. Muuzaji alikuwa mtu mwenye maneno laini. Alimpeleka moja kwa moja kwenye matairi mapana kuliko yote, mafupi, manene, yenye meno ya chini yaliyoachana mbalimbali.

"Haya, mama, hata juu ya uji yatapita."

Mama Kijiko akatoa kamba yake. Aliweka fundo la mlango wa jaruba la nne kwenye ukingo wa tairi, akahesabu, akatikisa kichwa. "Yatapita juu ya uji, lakini hayatapita mlangoni."

"Vunjeni ukuta kidogo."

"Ukuta si wangu."

Yalikuwepo mengine, mapana pia lakini si kwa kiasi hicho, na yalihitaji rimu zake zenyewe zinazoyasogeza nje ili yasiguse mwili wa mashine. Kwa haya, mlango wa nne ungebakiza vidole vinne kila upande. Muuzaji alisema kweli kuhusu kasoro zao, na kwa hilo Mama Kijiko alimheshimu: mpira ni laini kuliko wa yale magumu, nyembe zitatoboa, na kwenye zege la uwanjani yataisha upesi kwa sababu mashine ya namna hii inageuka kwa kuburuza. Hakuna tairi lisilo na lawama, alisema. Unachagua lawama unayoiweza.

Aliandika kipimo kwenye fomu, akaweka sahihi. Alipomaliza aliketi dakika nzima kabla ya kuinuka.

Matairi yalifungwa majuma mawili baadaye. Kijiko kilionekana kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake, na watu wa zamu ya asubuhi walitoka kuja kutazama. Mama Kijiko alikipeleka jaruba la saba. Alishuka mteremko kwa kunyata, akaingia kwenye tope, akafika katikati pale alipozama mara ya mwisho. Makalio yake yakangoja ule mteguko wa upande. Haukuja. Mashine ilikwenda, ikajaza ndoo, ikarudi. Alishuka kutazama alama: tope lilikuwa limebonyea kina cha kiganja tu. Mchanga wa chini haukuguswa.

Fundi aliinama, akatia kidole kwenye alama hiyo, akakitazama, akakifuta kwenye suruali. "Haya," alisema, akaenda zake. Kwa fundi huyo hiyo ilikuwa hotuba.

Mume alipoambiwa, alifumba macho akatabasamu kwa nusu ya mdomo iliyokubali. Kisha akasema, "Sasa… punguza upepo."

"Upepo? Kwa nini?"

"Mchangani… tulipunguza. Robo. Tairi… linatandaza… tumbo. Linapita… vizuri zaidi."

Ilikuwa kweli. Mama Kijiko alikumbuka hadithi hizo tangu ujana wao, lori lililojaa simenti kwenye njia ya mchanga, madereva wanashuka na kutoa upepo kwa njiti. Akamsikiliza. Alipunguza robo ya upepo kwenye matairi yote manne, na kwa siku tisa kijiko kilikwenda kama kimeoteshwa mbawa. Tope bichi ambalo zamani angelingojea juma zima alilizoa bila shaka moyoni.

Siku ya kumi, akiwa jaruba la tisa na ndoo imejaa, alikizungusha palepale kama alivyozoea miaka kumi na mitano. Tairi la kulia la mbele lilishika tope, rimu ikaendelea kuzunguka ndani yake. Likasikika pumuo kubwa, kama ng'ombe aliyechoka, na pembe ya mashine ikaanguka. Tairi lilikuwa limechomoka kwenye rimu, limejaa tope ndani, na mashine imepiga goti.

Kuinua mashine iliyojaa mzigo katikati ya tope si kazi ya jeki moja. Walileta mbao, walileta mawe, jeki zikazama, wakaleta mbao nyingine. Walimaliza alasiri ikiwa imekwisha, na Mama Kijiko alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. Fundi aliweka geji ya upepo kwenye matairi matatu yaliyobaki, akasoma, akasoma tena.

"Nani kakwambia upunguze upepo?"

Mama Kijiko alijifuta tope kwenye nyusi.

"Dada, lori linakata kona. Hiki kinajiburuza. Upepo ukiwa mdogo, tairi linang'ang'ania chini na rimu inatoka kama mguu kwenye kiatu kilicholegea. Ungeniuliza."

"Ningekuuliza," alisema.

Mkuu hakufoka. Aliuliza tu kama bomba limevunjika, akaambiwa hapana, akaandika kitu kwenye daftari lake. Mama Kijiko aliona afadhali angefokewa.

Alipofika nyumbani wifi alikuwa amevaa tayari kuondoka. Alimtazama kuanzia nyusi mpaka viatu, akamvuta jikoni.

"Kumetokea nini?"

Akamweleza kwa maneno machache.

"Usimwambie," wifi alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba, wifi yangu. Leo alikuja jirani, na kaka akamwambia yeye ndiye aliyechagua matairi ya kituo. Alisema yote mwenyewe, mpaka mwisho, mimi nimekaa tu. Nusu saa nzima. Tangu augue sijamwona hivyo. Mwache na furaha yake."

Mama Kijiko alinawa mikono kwenye beseni, maji yakawa meusi, akayamwaga, akanawa tena. Kudanganya kulikuwa rahisi. Angesema matairi yako salama, angerudisha upepo kimyakimya kesho, na hakuna ambaye angejua. Lakini kila jioni angeulizwa, na kila jioni angelazimika kutunga. Nguvu za kutunga hakuwa nazo. Na kulikuwa na jambo la pili, alilolihisi bila kulipa jina: mtu anayeachiwa kosa lake kwa huruma ameshatolewa kazini.

Akaketi kwenye ukingo wa kitanda na nguo zake za tope.

"Baba watoto, tairi limechomoka leo. Kwa sababu ya upepo."

Alimweleza kila kitu, hata maneno ya fundi. Mume alisikiliza. Nusu ya uso wake iliyokuwa hai ikalegea, ikafanana na ile nyingine. Akageuzia macho ukutani. Alipomletea chakula alifumba mdomo. Alipomgeuza hakusema neno, akawa mzito kama gunia, na Mama Kijiko, ambaye siku nyingine angembembeleza, siku hiyo hakuwa na chembe ya kubembelezea. Alilala bila kula na yeye pia.

Asubuhi alivaa, akachemsha chai, akamwinua mume akampa kikombe mkononi. Alikuwa ameshafika mlangoni anamngoja wifi, aliposikia sauti nyuma yake.

"Ha…kikati kona."

Akageuka.

"Lori… linakata. Hicho… kinaburuza." Alipumzika. Wifi alikuwa amefika, amesimama kizingitini na pochi yake, na kwa mara hii hakumalizia. "Nilisahau. Mimi… nilikuwa naendesha… lori. Kichwani."

"Hata mimi sikufikiri," Mama Kijiko alisema. "Na mimi ndiye niliyekikalia."

"Rudisha upepo. Kama… ulivyoandikwa… tairini. Na wewe…" Aliinua mkono wa kushoto, akauzungusha hewani kama pia, kisha akakataza kwa kidole. "Usizunguke. Nenda mbele. Rudi nyuma. Geuka… kama gari. Kidogo… kidogo."

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Kurudisha upepo ni kazi ya dakika ishirini; kuvunja mazoea ya miaka kumi na mitano mikononi ni jambo jingine. Mwezi wa kwanza aligeuka kama mwanafunzi wa udereva, mbele, nyuma, mbele, nyuma, na lori lililongoja tope likampigia honi. Jaruba moja lilimchukua saa moja zaidi. Alirudi nyumbani amechoka kuliko alivyokuwa akichoka zamani. Kisha polepole mikono ikajifunza. Pancha zilikuwepo, kama muuzaji alivyosema, na fundi aliziziba huku akinung'unika. Ukingo wa nje wa matairi uliliwa upesi uwanjani, kama alivyosema pia. Lakini mwaka ule halikuvunjika bomba jingine hata moja, na majaruba yakawa yanakauka siku tatu nne kabla ya zamani. Mkuu hakumsifu. Aliacha tu kumwuliza, na huko kuachwa Mama Kijiko alikuhesabu kuwa sifa.

Mwaka wa pili wa matairi hayo ukiingia, kituo cha mji mwingine, kilichokuwa kinavunja mabomba kama njugu, kilimtuma dereva wake aje kuona. Alikuwa mwanaume wa makamo, mpole, mwenye mikono mikubwa. Alikagua kijiko, akapanda, akajaribu, akauliza maswali ambayo mengine Mama Kijiko aliyaweza na mengine hakuyaweza. Kwa nini kipimo hiki na si kile? Kama milango yao ni mipana, aende na yale makubwa zaidi? Na upepo?

"Hayo njoo umwulize mwenyewe," alimwambia. "Ila uwe na nafasi. Haongei kwa haraka."

Alikuja Jumapili baada ya chakula cha mchana. Wifi alikuwa kwake. Mgeni alivuta kigoda karibu na kitanda, akafungua daftari dogo juu ya goti, na mume akaanza kueleza. Neno moja, kimya, neno la pili. Mgeni aliandika. Pale neno lilipochelewa alishika kalamu, akatazama dirishani kama mtu anayengoja maji yachemke, wala hakuonyesha kwamba ana pengine pa kwenda.

Mama Kijiko aliketi kwenye kiti cha pembeni, mikono imelala juu ya kanga. Alikusudia kuinuka awatilie chai. Akasikia mume wake anasema habari za mlango, kisha habari za rimu, na sauti ya mgeni ikisema, "Ngoja, mzee, hapo niandike vizuri." Kwa saa nzima yeye hakuwa na wa kumgeuza wala wa kumsikiliza, maana kazi ya kusikiliza sasa ilikuwa na mwenyewe. Kichwa chake kikaegemea ukuta, mdomo ukafunguka kidogo, akalala.

Walipomwona, mume aliweka kidole mdomoni. Mgeni akavuta kigoda chake karibu zaidi, wakaendelea kwa kunong'ona.